Vifaranga Waliopakwa Mawese

Wenzangu mnaobaki kazini, kabla sijafunga mizigo yangu mliniomba niwaachie maneno machache juu ya kazi ya bata. Nilikubali upesi mno, kama mtu anayekubali kubeba gunia kabla ya kuliinua. Sasa nimeketi hapa Nchelenge mbele ya karatasi, na gunia ni zito.

Sitaandika nani alipandishwa cheo na nani aliachwa. Mshahara ulikuja, mara nyingine ulichelewa, tukala mihogo, Mungu akatuweka hai. Hayo yanatosha. Nitaandika juu ya maji na joto, maana kazi yetu yote ilikuwa hiyo: kujua wakati ambapo kiumbe mdogo yuko tayari kuingia majini, na namna ya kumpasha moto akitoka. Nitaandika pia juu ya mzee mmoja wa kisiwa cha Kilwa, kile cha ziwa letu la Mweru, ambaye nusura aondolewe kwenye kisiwa chake kwa sababu ya vifaranga waliokufa. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini sikukubali kuharakishwa na mtu yeyote katika kazi hii. Jibu langu ni mzee huyo.

Mimi nilizaliwa ng'ambo, upande wa Kongo, na Kiswahili changu nilifundishwa katika shule ya misheni pamoja na katekisimu. Nilivuka ziwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nikiwa kijana niliyemaliza mafunzo ya ukatekista. Nilikuwa na Biblia, shati la pili, na tumaini kubwa la kupewa kijiji cha kufundisha. Mkuu wa misheni alinitazama kwa upole, akaniambia, "Nenda nyuma ya kanisa, kwa Mama Eliza. Anahitaji mikono." Kichwa changu hakukitaja.

Nyuma ya kanisa nilimkuta mama mmoja mfupi, mjane, mwenyeji wa Nchelenge, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mbele yake palikuwa na mkeka wa matete uliosimamishwa wima na kuviringishwa kama ua mdogo. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Nikavua kofia, nikangoja. Nilingoja sana. Mwishowe akafumbua jicho moja.

"Weye njo mwalimu mupya?"

"Ndiyo, mukwai," nilijibu kwa neno lao la heshima. "Naitwa Danieli."

"Na unangoja nini?"

"Nilidhani unasali, Mama."

"Miye nasikiliza. Kuja, na weye usikilize. Banasema nini?"

Nikainama juu ya ule mkeka. Ndani yake kulikuwa na vifaranga wa bata, wa manjano, wakitembea juu ya magunia. "Wanalia, Mama."

"Bata iko na kilio mingi, mwalimu. Kaa hapa mupaka ujue moja."

Alichukua ndoo yake akaenda zake, nikabaki nimechuchumaa. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Jioni aliporudi nilikuwa nimejua kimoja: kile kikali na chembamba, kinachopanda juu kama sindano. Hicho ni kilio cha baridi. Kesho yake nilijifunza sauti ya pili, ambayo si kilio hata kidogo, ni mnong'ono wa chini chini, kama wa akina mama wanaopara samaki pamoja wakiwa hawana haraka. Ukisikia huo, usifanye lolote. Mama Eliza alisema kazi nusu ni kutofanya lolote, na watu waliosoma ndio hushindwa nusu hiyo.

Lazima niwaeleze kwa nini tulihitaji mkeka na magunia, kwa maana bata wa vijijini, wale weusi wenye madoa mekundu usoni, huwalea watoto wao bila msaada wa misheni yoyote. Lakini misheni ilikuwa imeletewa bata weupe. Bata hao hutaga vizuri sana, kisha hulisahau yai kama mtu anavyosahau mwavuli. Hawaatamii. Basi mayai yao tuliyaweka chini ya kuku. Maskini kuku hukaa juu ya mayai yale wiki nzima kupita muda aliouzoea, na mwishowe hupata watoto wenye midomo mipana ambao wanapenda kitu kimoja tu duniani, nacho ni kile anachokiogopa yeye. Nimewaona kuku wakikimbia huku na huku kando ya dimbwi, wakiwaita watoto walio katikati ya maji. Mtu aliyelea watoto atawaelewa.

Hatari yenyewe ni hii. Bata mama ana mafuta mwilini mwake, penye shina la mkia. Huyachukua kwa mdomo, akajipaka manyoya yote, na watoto wakilala chini ya tumbo lake wanayapata kidogo kidogo bila kujua, kama watoto wa nyumba ya sala wanavyopata nyimbo. Kuku hana mafuta ya namna hiyo. Kwa hiyo kifaranga wa bata aliyetotolewa na kuku ana manyoya laini tu, kama pamba ya godoro. Mtie ziwani akiwa mdogo, ataogelea kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo inayodanganya watu. Maji yanamwingia, anakuwa mzito, anapoa, na akitolewa anakufa nchi kavu, huku mwenye bata akishangaa kwamba kiumbe cha maji kimeuawa na maji.

Mama Eliza aliwaita vifaranga hao wakatekumeni. "Hapa hatubatize mutu bila mafundisho," aliniambia. "Weye ulisoma hiyo. Mbona unataka kukimbia?"

Mafundisho yenyewe yalikuwa hivi. Siku za kwanza ni joto peke yake. Tulichoma tofali motoni, tukalifunga kwa gunia mara mbili, tukaliweka katikati ya mkeka. Babula, jiko letu la makaa, ilibaki nje ya nyumba siku zote, kwa sababu moshi ni adui mwenye sura ya rafiki. Tofali hupimwa kwa shavu. Mkono wa mtu mzima umezoea sufuria na unasema uongo. Kisha unatazama wamelalaje. Wakipandana juu ya tofali, wanaona baridi. Wakikimbilia ukingoni na kuhema midomo wazi, umewapika. Wakilala wametawanyika kama maharagwe yaliyomwagika, mshukuru Mungu, uondoke. Maji ya kunywa huwekwa katika sahani yenye kokoto, wapate kuosha pua zao lakini wasipate mahali pa kuoga. Chakula ni pumba zilizoloweshwa, na mchwa. Hakuna mahubiri yanayokusanya watu kama mchwa wanavyokusanya bata.

Baadaye, wakati wa adhuhuri isiyo na upepo, unaleta beseni. Maji yawe vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, na mawe yapangwe upande mmoja ili wapande na kutoka wenyewe. Wakae majini kwa muda gani? Hatukuwa na saa. Mama Eliza aliwatia majini, akasema Baba Yetu polepole kwa sauti, na akifika "Amina" wote walitolewa, wakakaushwa kwa gunia, wakawekwa penye tofali. Wiki iliyofuata alitanguliza zaburi fupi kabla ya Baba Yetu, lakini mwisho ulikuwa uleule. Nilimwuliza kama si kulitaja jina la Mungu bure. Akanijibu, "Bure? Batoto ya Mungu hawa bako mu maji baridi, na weye unaita bure?"

Na siku ya ziwa lenyewe inajulikana namna moja tu. Chovya vidole, nyunyiza maji kifuani pa kifaranga. Maji yakizama ndani ya manyoya, bado. Yakiviringika na kuanguka kama matone juu ya jani la yungiyungi, mafuta yake mwenyewe yamekuja. Yanakuja kutoka ndani mwake, kwa wakati wake. Nilifikiri nimeielewa sentensi hiyo siku niliyoisikia. Ilinibidi kwenda Kilwa ndipo niielewe.

Mnakijua kisiwa cha Kilwa. Hakuna njia ya kufika ila mashua, na mashua huondoka upepo ukipenda. Huko aliishi Tata Chisala, yaani Baba Chisala, mvuvi aliyewafundisha kutupa nyavu nusu ya vijana wa kisiwa. Dhoruba moja iliitupa mashua yake juu ya mawe, ikamvunja bega la kushoto, na bega likaunga vibaya. Tangu siku hiyo mkono ule aliufunga kifuani kwa kitenge cha marehemu mke wake, fundo likiwa nyuma ya shingo. Hakuweza tena kuvuta wavu wala kupiga kafi. Aliweza kugonga ringi ya gurudumu iliyokuwa kengele ya kanisa, na kuongoza sala kila asubuhi pasipokuwa na mwalimu, na hayo aliyafanya.

Alikuwa na mwana mmoja, Yusufu, mfanyakazi wa migodi ya shaba huko kusini. Yusufu alikuwa mwana mwema. Nataka hili lieleweke. Alipopata habari za bega alikuja kumchukua baba yake. Walizungumza Kibemba, nami naandika walivyosema kwa lugha yetu hii.

"Tata, hapa utakula nini? Nani atakuvulia?"

"Nitafuga bata. Watu wa misheni wanawapa wanaotaka."

Yusufu alicheka, kisha akaona kwamba mzee hachezi. Wakapatana: angerudi katika livu yake ijayo, baridi ikiisha. Akikuta bata wamesimama vizuri, wa kutaga mayai ya kubadilishana kwa unga na watu wa mashua za Kongo, mzee atabaki. Asipowakuta, mzee atapanda mashua pamoja naye bila maneno, akaishi kwenye nyumba ya mgodini, yenye taa za umeme na majirani asiowajua.

Tata Chisala alinieleza hayo siku nilipomfikishia kikapu cha vifaranga, pamoja na magunia na tofali lao. Alikisema Kiswahili cha biashara, alichokipata kwa watu wa mashua. "Mwalimu, bata hizi zikikufa, miye naenda na sirudie. Na mama yake Yusufu analala pale." Alionyesha kwa kidevu makaburi yaliyo nyuma ya kanisa. "Nani atamusalimia asubuhi?"

Nikamfundisha yote, toka tofali mpaka Baba Yetu. Alirudia kila neno kama mwanafunzi wa ubatizo. Nikamweleza kwa nini maji ni hatari: kuku hana mafuta ya kuwapa watoto hawa, wao wanakosa mafuta, basi wasiingie majini. Aliitikia kwa kichwa, kwa uzito mkubwa. "Banakosa mafuta," alisema. "Masikini."

Nilipaswa kurudi Jumapili. Upepo ulifunga ziwa, nikarudi wiki baadaye.

Nilimkuta ameketi mlangoni, na mkeka wa matete karibu naye. Kabla sijachungulia nikasikia: kilio kile cha sindano. Kisha nikanusa harufu ya mchuzi. Nikainama. Vifaranga waliobaki walikuwa wekundu. Manyoya yao yalikuwa yameshikamana kama mafundo ya uzi, na ngozi ilionekana katikati. Walitetemeka, na sisimizi walikuwa wamepanga mstari kuwafuata.

"Tata," nilisema, "ni nini hii?"

"Mawese."

"Mawese?"

"Mawese ya muzuri, ya ng'ambo, ile mama wa mashua anauzisha. Weye ulisema banakosa mafuta. Bon, haya, miye nikafikiri, mafuta tuko nayo." Alinyosha mkono wake mzima, akanionyesha kidole cha shahada, chekundu mpaka kwenye kucha. "Niliwapaka moja moja, na kidole hii, pole pole. Njo vile mama yake Yusufu alifanya. Mutoto akizaliwa, hawezi kupita mu mashua kama hajapakwa mafuta. Batoto bote ya hapa walipakwa. Kisha nikabaacha mu ziwa. Bengi bakakufa. Mwalimu, niliacha neno gani?"

Nilikuwa nimejiandaa kucheka, au kukasirika, sikumbuki lipi. Sikuweza lolote. Hakuacha neno. Alichukua alichoambiwa, akaongeza kile ambacho upendo ulimfundisha miaka mingi kabla yangu, na jumla yake ikawa vifo. Nikaketi chini kando yake.

"Hukuacha neno, Tata. Mafuta yale anayo bata mwenyewe. Yanakuja kutoka ndani, kidogo sana, na hujipaka kwa mdomo wake. Ukimpaka wewe, manyoya yanashikana na baridi inapata mlango."

Alifikiri. "Kwa hiyo yatakuja?"

"Yatakuja, kama ataishi."

"Bon," akasema. "Basi aishi kwanza."

Tukafanya kazi. Tulichemsha maji, tukayapunguza mpaka yakawa vuguvugu, tukawaosha kwa sabuni mmoja mmoja, tofali likiwa tayari pembeni. Sabuni ilitoa mengi, haikutoa yote. Ndipo nikakumbuka unga wa mihogo, unavyonyonya mafuta yakimwagika mezani. Nikawanyunyizia unga, nikawasugua kwa kitambaa kikavu, nikawanyunyizia tena. Wale waliokuwa wekundu wakawa weupe pe, macho tu yakionekana. Tata Chisala aliwatazama, kisha akasema bila kutabasamu:

"Mwalimu, umewapaka unga. Kunabaki kikaango tu."

Tulicheka mpaka akashika bega lake kwa maumivu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu siku ya kwanza ya vifo.

Waliobaki walitosha ndani ya kofia yake ya majani. Na hapakuwa na wengine wa kuongeza; kuku wa Mama Eliza walikuwa wamemaliza kuatamia, na msimu wa baridi ulikuwa umefika katikati. Nyumba ya kisiwa cha Kilwa yenye kuta za matete hupitisha upepo kama kapu, na tofali letu lilipoa upesi kuliko Nchelenge. Nilikuwa bado nafikiria namna ya kuziba ukuta, mzee akaanza kuwachukua vifaranga mmoja mmoja na kuwatia ndani ya kitenge kilichobeba mkono wake. Walizama mle kati ya mkono usiofanya kazi na kifua chake. Kilio cha sindano kikapungua. Tukasubiri. Ukaanza ule mnong'ono wa akina mama wanaopara samaki.

"Huu mukono," alisema akiutazama kama mtu anayemtazama jamaa mvivu, "nilidhani Mungu ameusahau."

Upepo ulinizuia kisiwani siku kadhaa, nikaona kwa macho yangu. Alitembea kijijini kifua chake kikilia. Aligonga ringi kwa mkono wa kulia na vifaranga wakajibu. Aliongoza sala ya asubuhi wakiwa mle ndani, na aliposema Baba Yetu, watu walijifunza kutotazama kifua chake, kwa sababu ya kicheko. Adhuhuri aliwatoa, akawaweka katika beseni, akasema sala ileile kwa mwendo uleule, na kwenye "Amina" akawakausha na kuwarudisha kwenye joto. Tofali lilishika zamu alipolala. Zaidi ya hayo hapakuwa na dawa.

Niliporudi Nchelenge nilimsimulia Mama Eliza. Kwenye mawese alicheka mpaka akapangusa macho kwa upindo wa nguo. Kisha akasema, "Alisikia muzuri. Na miye ningepaka mawese. Lakini weye, mwalimu, kesho ukifundisha mutu mambo ya mafuta, mwonyeshe kwanza mukia ya bata." Tangu siku hiyo sikumfundisha mtu yeyote jambo hili bila bata mzima mkononi, nikipuliza manyoya ya mkia ili aone shina lenyewe. Nanyi fanyeni hivyo. Maneno hayana mkia.

Baridi ilipokwisha nilipanda mashua kwenda kuwaona, na katika mashua ileile alikuwamo Yusufu. Alivaa suruali ya mjini iliyopigwa pasi, miguu ameiweka juu ya gunia la chumvi isilowe.

"Mwalimu, bata wa mzee wako hai?"

"Wapo."

"Wangapi?"

"Walikuwa wanatosha kwenye kofia."

"Kofia!" Alitazama maji. "Mwalimu, miye simchukii bata. Nimeshanunua kitanda. Nimekiweka dirishani, apate kuona miti. Unataka nimwache hapa na kofia ya bata, mkono mmoja, peke yake?"



Tulipofika, mwenye mashua alitangaza kwamba atarudi upesi kabla ya upepo wa alasiri. Yusufu aliwatazama bata: wamekua, wana manyoya meupe yaliyojaa kifuani, mgongoni bado manjano kidogo. Aliwahesabu kwa macho, akatikisa kichwa. Mle nyumbani mzigo wa baba yake ulikuwa umekwisha kufungwa. Mzee alikuwa ameufunga mwenyewe, kwa kuwa alikuwa ametoa neno. Yusufu akaubeba, akaupeleka mashuani.

Tata Chisala hakubisha. "Ni sawa, mwanangu. Lakini leo ndiyo siku yao ya ziwa. Niliwaanzishia mafundisho, niache niyamalize."

Alipiga magoti ukingoni, tofali la moto na gunia kavu vikiwa tayari mchangani kando yake, akachovya vidole, akamnyunyizia wa kwanza kifuani. Matone yaliviringika, yakaanguka mchangani. Akanyunyizia wa pili, na wa tatu, wote. Hakuna tone lililozama. Aliniinulia uso, akasema kwa Kiswahili, "Yamekuja, mwalimu. Kutoka ndani."

Akawaacha. Waliingia kwenye maji ya kina kifupi, wakachovya vichwa, wakapiga mabawa yao mafupi, kisha wakaelekea kwenye matete, mbali kuliko nilivyotaka. Nyuma ya matete kulikuwa na maji makubwa, na mamba wa Mweru si hadithi. Yusufu alisimama mikono kiunoni.

"Haya, Tata. Wakipita yale matete, nani atawarudisha? Huwezi kupiga kafi. Ndilo ninalosema siku zote. Nani atawarudisha?"

Mzee alibaki amepiga magoti, akaanza kusema Baba Yetu. Polepole, kwa sauti ya kila siku, kama mtu asiye na mashua ya kukimbilia. Bata waliendelea kwenda. Mzee alipofika kwenye mkate wetu wa kila siku, bata wa mbele alikuwa ameyagusa matete. Nami niliona aibu kwa kuwa nilikuwa natazama na sisali. Alifika mwisho.

"Amina."

Wote waligeuka. Sisemi kwamba bata husali. Nilifundishwa vizuri zaidi ya hapo. Nasema kwamba maisha yao yote, baada ya neno hilo palikuwa na joto. Walirudi mstari mmoja, wakapanda mchangani wakijikung'uta, wakamwendea mzee moja kwa moja, wakaanza kusukumana kuingia ndani ya kitenge ambacho sasa kilitosha bata mmoja na nusu. Alianguka kitako chini ya uzito wao, akawa anacheka na kuwasihi kwa zamu.

Mwenye mashua aliita. Yusufu hakumtazama baba yake, wala mimi. Aliingia ziwani na suruali yake ya pasi mpaka kiunoni, kwa kuwa mashua ilikuwa imekwisha kusukumwa, akaunyanyua mzigo wa baba yake, akauweka kichwani, akarudi nao nchi kavu. Aliupitisha mbele yetu, akauingiza nyumbani. Alipotoka alikuwa anatetemeka; upepo wa alasiri ulikuwa umeanza.

"Sasa tufanye nini na kitanda?" aliuliza, meno yakigongana.

"Kitanda kinaweza kupanda mashua," baba yake alisema. "Keti hapa."

"Tata, naenda kubadili nguo tu."

"Keti, nimesema. Mtoto akitoka majini hapelekwi upeponi."

Akamwonyesha mahali, katikati ya bata. Yusufu akaketi. Mzee akamtupia gunia kavu mabegani kwa mkono wake mmoja, akalisogeza tofali kwa mguu mpaka karibu na miguu yake iliyolowa, akainama akalipima kwa shavu, na alipoona joto lake linatosha, akaondoka akatuacha.